Poka ya Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Mbeya. Nilicheza poka ya mtandaoni kwa miezi 26, kisha nikaacha. Tangu hapo vijana wa mtaani kwangu Iyunga, wazazi wa wanafunzi na hata walimu wenzangu wamekuwa wakiniuliza maswali yaleyale, mengine kwa sauti ya chini baada ya kikao. Nimeona niyajibu kwa maandishi ili kila mwenye swali ayasome kwa utulivu.

Poka ni mchezo gani, na inatofautianaje na kubeti mpira?

Anayeweka mkeka anapambana na kampuni: kampuni ndiyo iliyopanga odi, na kampuni ndiyo inayobaki na fedha mkeka ukichanika. Ndivyo ilivyo pia kwa dubwi lililo pembeni ya duka na kwa ule mchezo wa kindege kwenye simu. Katika poka wachezaji wanagombea fedha zao wenyewe. Kwa namna inayochezwa zaidi, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata 2 anazoziona yeye peke yake, kisha karata 5 hufunuliwa mezani, kwanza 3, halafu 1, halafu 1 ya mwisho, na katika kila hatua mtu huamua kuweka dau, kufuata dau la mwenzake, kulipandisha, au kutupa karata zake. Fedha zote zilizowekwa hukaa katikati, nasi tulizoea kuziita chungu. Chungu huchukuliwa na mwenye karata 5 bora kati ya 2 zake na 5 za mezani, au na yule aliyebaki peke yake baada ya wengine wote kutupa. Kampuni yenye programu haichezi. Inakodisha meza tu, na kodi yake nitaieleza mbele.

Karata tatu zinazochezeshwa stendi na minadani hazimo katika mazungumzo haya. Ule ni wizi, kwa kuwa anayechezesha anajua karata iko wapi, na wanaoshangilia pembeni ni wenzake.

Poka ni bahati au ni akili?

Ni vyote viwili, na jibu linategemea unatazama kwa muda gani. Mkono mmoja, yaani mzunguko mmoja tangu karata kugawiwa hadi chungu kuchukuliwa, ni bahati karibu tupu. Jozi ya ree, yaani A mbili mkononi, ndiyo mwanzo bora kuliko wote. Humjia mchezaji kwa wastani mara 1 katika mikono 221, na hata hapo, akikutana ana kwa ana na mwenye jozi ya wafalme na fedha zote zikaingia, atashindwa takribani mara 18 katika kila 100. Aliyeshindwa hivyo hakukosea lolote.

Akili huonekana katika maamuzi madogo yanayorudiwa. Tuseme chungu kina shilingi 4,000, mpinzani anaweka 1,000, nawe, ukijumlisha za mkononi na za mezani, una kopa nne na unasubiri karata ya mwisho ikupe ya tano, kwa kuwa karata tano za aina moja mara nyingi hushinda. Kopa zilizobaki ni 9 katika karata 46 usizoziona, yaani karibu nafasi 1 katika 5. Unalipa 1,000 kugombea 5,000, kwa hiyo ukipata nafasi 1 katika 6 tu hutakuwa na hasara kwa muda mrefu. Kulipa ni sahihi, ingawa mara nyingi utaipoteza hiyo 1,000. Mpinzani akiweka 4,000, hesabu inageuka: unalipa 4,000 kugombea 8,000, unahitaji nafasi 1 katika 3, nawe huna. Anayefanya hesabu hii kila mara huchukua fedha za asiyeifanya.

Huzichukua polepole mno, hata hivyo. Mchezaji mzuri, ambaye kwa wastani anafaidi madau makubwa ya lazima 5 katika kila mikono 100 (katika kila mkono wachezaji wawili, kwa zamu, huweka dau la lazima kabla ya kuona karata, mmoja dogo na mwingine kubwa), bado anaweza kuwa na hasara baada ya mikono 10,000, na kwa mtikisiko wa kawaida wa meza hizi uwezekano huo unakaribia mara 3 katika 10. Ndiyo sababu mtu anaweza kucheza miezi kadhaa asijue kama yeye ni mzuri au ni mbaya.

Watu wengi wakishasikia kwamba kuna akili ndani yake hupumua, kana kwamba suala la maadili limekwisha. Mimi naliona kinyume. Mchezo ukiwa bahati tupu, aliyepoteza leo angeweza kuwa wewe. Ukiwa na ustadi ndani yake, mwenye ustadi anakaa mezani akijua kwamba fedha zitatoka upande ule kuja upande huu, na aliyeko upande ule mara nyingi hajui. Ustadi unaliongezea uzito swali la maadili, na sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inatoka katika hoja hiyo.

Kampuni inapataje faida kama haichezi?

Mkulima wa viazi wa Isyonje au Njombe haelezwi mara mbili maana ya lumbesa: gunia hushonewa kichwa juu ya kipimo, bei ikabaki ileile ya gunia moja. Hakuna saa mkulima anapoona fedha ikitoka mfukoni mwake, ila msimu ukiisha amepunjwa. Makato ya meza hufanya kazi vivyo hivyo. Kampuni hukata sehemu ndogo ya kila chungu, mara nyingi kama asilimia 5 yenye kikomo fulani, na kwa kuwa hukatwa kwa mshindi wakati amefurahi, hakuna anayehisi.

Tufanye hesabu. Wachezaji 6 wameingia na shilingi 10,000 kila mmoja. Mtandaoni meza ya watu 6 inaweza kupitisha mikono kama 70 kwa saa. Chungu cha wastani kikiwa 1,000 na makato 50, meza inapoteza 3,500 kwa saa, na baada ya saa tano zimeondoka 17,500. Kati ya 60,000 zilizoingia zimebaki 42,500, hata kama wote sita wanalingana kwa akili na kwa bahati. Hapo sijagusa gharama za kutuma na kutoa fedha kwa simu. Kwa hiyo ili mtu apoteze si lazima awe mchezaji mbaya, inatosha awe wa kawaida.

Je, mtu anaweza kuishi kwa poka?

Wapo duniani wanaoishi kwayo. Vijana hunitajia Chris Moneymaker, Mmarekani aliyekuwa mhasibu, ambaye mwaka 2003 alipata nafasi yake kupitia mashindano madogo ya mtandaoni, akaenda Las Vegas na kuibuka mshindi kati ya washiriki 839 wa shindano kuu la dunia, akaondoka na dola milioni 2.5. Habari hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyowaingiza watu wengi mtandaoni miaka iliyofuata. Lakini kila nafasi katika shindano lile ilikuwa ya dola 10,000, na kitita chake kilitokana na fedha za mamia waliorudi nyumbani mikono mitupu.

Hesabu ya meza ndogo, ambazo ndizo za uwezo wetu, ni hii. Madau ya lazima ni senti 2 na senti 5 za dola. Mchezaji mzuri niliyemtaja anapata senti 25 kwa mikono 100. Kwa mikono 70 kwa saa ni senti 17 na nusu, na dola tukiichukulia kuwa shilingi 2,500, hiyo ni takribani shilingi 440 kwa saa. Akifungua meza nne kwa wakati mmoja, macho yakaruka huku na huku, anafikia kama 1,750. Hiyo ni ya mchezaji mzuri, naye hajanunua bando.

Mimi nilimaliza miezi yangu 26 nikiwa na hasara ya shilingi 318,000. Kabla ya kujumlisha ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba niko juu kidogo.

Usiku wa mchezaji ukoje hasa?

Meza hujaa wakati watu wa Ulaya wamemaliza chakula cha jioni, na kwetu huo ni muda wa kuanzia saa nne usiku. Wamarekani wa mashariki huingia kwa wingi tunapokaribia alfajiri. Kwa hiyo mchezaji wa Mbeya anacheza akiwa amechoka dhidi ya watu ambao kwao bado ni jioni. Mwezi wa Juni na wa Julai, baridi ya huku ikiwa imekaza, nilicheza nimejifunika blanketi hadi kichwani, simu imepata moto kiganjani, mwanga umepunguzwa ili mke wangu asiamke.

Sehemu kubwa ya mchezo ni kungoja. Mchezaji mwangalifu hutupa karata nyingi kuliko anazocheza, na uvumilivu huo ndio unaomshinda mtu anapofika saa saba za usiku. Umeme ukikatika na mtandao ukayumba, programu hukungoja sekunde chache kisha inakutupia karata, na dau uliloweka linabaki kwenye chungu. Nimewahi kutupiwa jozi ya wafalme namna hiyo. Nililala nikiwa na hasira hadi asubuhi, na kesho yake nikamkemea mwanafunzi wa kidato cha pili kwa kosa dogo ambalo siku nyingine ningelipita.

Kitu kilichonisaidia ni daftari la kawaida la shule, la jalada la bluu. Nilichora safu tano: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, fedha, na safu ya mwisho niliyoiandika kichwa "hali yangu", ambayo niliijaza kabla ya kuingia mezani. Humo kuna "nimepumzika", kuna "mafua", kuna "mshahara umechelewa", na kuna "nataka kurudisha ya jana". Maneno hayo ya mwisho nimeyahesabu: yamo mara 19, na mara 16 kati ya hizo nilimaliza chini. Mtu akiniuliza kitabu gani cha poka kina faida, humwambia aanze na daftari kama hilo.

Je, ni haki kuchukua fedha za mtu asiyejua kucheza?

Swali hili ndilo lililoniachisha, kwa hiyo nitakaa nalo.

Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza zimeshagusa Umalila na watu wanaandaa mashamba ya mahindi. Nilikuwa kwenye meza iliyojaa Watanzania, na niliwatambua kwa majina waliyojipa na kwa Kiswahili chao kwenye kisanduku cha ujumbe. Mmoja wao nilikuwa nimemsoma kwa saa nzima. Alifuata kila dau, hakutupa karata, na kila alipoishiwa aliongeza fedha nyingine papo hapo. Mara mbili nilikuwa nimepanga kulala, na mara zote mbili nilibaki kwa sababu yeye alikuwa bado yupo. Mwishowe nikapata jozi mbili, yeye akasukuma kila alichokuwa nacho akiwa na jozi moja ya tisa, na chungu cha shilingi 74,000 kikaja kwangu. Akaandika: "Mkuu, hiyo ilikuwa ya mbolea." Kisha nafasi yake ikawa wazi.

Sikumjua, wala sina namna ya kujua kama alisema kweli. Mezani watu huzuga hata kwa maandishi. Lakini nilijua kwamba sikuwa nimekaa pale kwa ajili ya mchezo. Nilikaa kwa ajili ya mtu aliyekuwa akiumia, na nilikuwa nikiomba asiondoke.

Katika mazungumzo ya wachezaji mtu wa namna ile huitwa samaki. Neno hilo limeenea dunia nzima ya poka, na watu hulitumia bila haya: tafuta meza yenye samaki, usimtishe samaki, usimfundishe samaki. Nami nililitumia. Naamini lugha hiyo ndiyo inayoturahisishia kazi, kwa sababu ukimwita mtu samaki hutajiuliza ana watoto wangapi.

Kwangu mimi kuna tofauti kati ya kumshinda mtu mzima aliyekuja kucheza, anayejua kanuni, ambaye fedha aliyoiweka akiipoteza kesho atakula kama kawaida, na kumvuna mtu aliyezidiwa ambaye kila mtu mezani anaona kwamba amezidiwa. La kwanza sioni dhuluma ndani yake. La pili naiona, hata kama hakuna kanuni iliyovunjwa. Tatizo la mtandao ni kwamba huwezi kutofautisha kwa hakika. Mkicheza sebuleni Kihesa au Mafinga, mtu akianza kutoa fedha ya ada ya mtoto mtaiona sura yake, na mmoja wenu atamwambia, "Kaka, inatosha, nenda nyumbani." Programu haina mtu huyo, wala haina faida ya kumweka.

Wapo wanaonijibu kwamba nisipozichukua mimi atazichukua mwingine. Ni kweli atazichukua. Jibu hilohilo hutolewa na anayenunua kahawa ya Mbozi ikiwa bado mtini, kwa nusu ya thamani yake, kutoka kwa mkulima mwenye mgonjwa hospitalini, nasi hatujawahi kumsifu kwa hilo.

Kuzuga mezani si uongo?

Kuweka dau kubwa ukiwa na karata mbaya ili mwenzako atupe zake ni sehemu ya mchezo, kama chenga katika mpira. Beki aliyepigwa chenga hadanganywi kama anavyodanganywa mnunuzi aliyeuziwa asali iliyochanganywa na sukari, kwa sababu beki anajua kwamba chenga zipo na yeye anaruhusiwa kuzipiga. John von Neumann na Oskar Morgenstern, katika kitabu chao cha mwaka 1944 kuhusu nadharia ya michezo, walionyesha kwa hesabu kwamba anayeweka dau pale tu anapokuwa na karata nzuri husomeka mara moja, hivyo kuzuga kwa kiasi ni sharti la kucheza vizuri.

Uongo wenyewe huanza ukishainuka mezani. Mimi nilimwambia mke wangu kwamba nasahihisha mitihani. Hilo halikuwa kuzuga, kwa kuwa yeye hakuwa amekubali kucheza.

Tunakaa wawili geto moja. Kuna ubaya gani tukicheza meza moja?

Mkionyeshana karata, huo ni wizi dhidi ya wengine wanne. Anayejua karata 4 badala ya 2 anafanya hesabu ambayo wenzake hawawezi kuifanya, na wawili wanaweza kumbana wa tatu kwa kupandisha dau kwa zamu. Hata msipoonyeshana, kukaa chumba kimoja kunawapa kishawishi ambacho ni vyema kukiepuka. Chezeni meza tofauti. Kampuni nazo hufuatilia simu zinazotumia mtandao mmoja na zinazokutana mara kwa mara, na zikishuku hufunga akaunti zote mbili.

Jambo hilohilo linahusu kufungua akaunti kwa kitambulisho cha ndugu, kumpa rafiki hodari akuchezee, na kutumia VPN kujifanya uko nchi nyingine. Ukikamatwa fedha hubaki kwao, na huna pa kulalamika kwa sababu ulisaini masharti kwa jina lisilo lako. Kijana mmoja niliyemfundisha alitumia kitambulisho cha bibi yake. Siku aliposhinda aliombwa picha ya mwenye kitambulisho akiwa amekishika mkononi, na bibi alikuwa ameshafariki.

Vipi kuhusu programu za kompyuta zinazocheza vizuri kuliko watu?

Zipo, na hazina ubishi. Januari 2017 huko Pittsburgh, Marekani, programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa kwa mikono 120,000. Mwaka 2019 ikaja Pluribus, iliyowashinda mabingwa katika meza ya watu sita. Kuna pia programu za kujifunzia zinazokuonyesha uamuzi bora katika kila hali. Kujifunza nazo mchana kabla ya kucheza ni sawa na kusoma kitabu. Kuziuliza wakati mkono unaendelea ni udanganyifu, na makampuni makubwa yanaukataza waziwazi.

Kwa mchezaji wa kawaida wa Iringa hii ina maana kwamba katika meza asiyoiona hawezi kuwa na hakika kwamba anacheza na binadamu.

Nitajuaje kama karata zinachanganywa kwa haki?

Historia inatufundisha kuwa waangalifu. Mwaka 1999 wataalamu wa programu nchini Marekani waligundua kwamba mchanganyiko wa karata wa tovuti ya Planet Poker, mojawapo ya tovuti za mwanzo kabisa, ulianzia kwenye saa ya kompyuta, hivyo mtu aliyeona karata chache angeweza kuzikokotoa zote zilizobaki. Mwaka 2007 wachezaji wa Absolute Poker walichambua wenyewe kumbukumbu za mikono na kubaini kwamba kuna akaunti iliyokuwa ikiziona karata za wapinzani. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizishtaki tovuti tatu kubwa kwa pamoja, na baadaye ikajulikana kwamba mojawapo, Full Tilt, haikuwa na fedha za kutosha kuwalipa wachezaji wake. Wengi walingoja miaka kabla ya kurudishiwa.

Leo kampuni zenye leseni nzuri hukaguliwa mfumo wao wa kuchanganya karata na watu wa nje. Bado nashauri usiache mtandaoni fedha usiyoihitaji kwa kucheza wiki hiyo. Salio unaloliona kwenye programu ni deni ambalo kampuni inadaiwa na wewe. Linakuwa fedha likifika kwenye simu yako.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Anayetoa huduma hiyo anatakiwa kuwa na leseni ya Bodi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kabla ya kuweka fedha, hakikisha leseni kwa Bodi yenyewe, maana nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa haitoshi. Tovuti yenye leseni ya Malta au Curaçao inaweza kuwa halali kwao, lakini ikikudhulumu utalalamika huko, kwa Kiingereza, kwa barua pepe.

Dini zinasemaje?

Kwa Mwislamu jambo liko wazi: kamari imekatazwa katika Qur'ani, Sura ya Al-Maida aya ya 90, ikitajwa pamoja na ulevi, na ustadi wa mchezaji haubadilishi hukumu. Kwa Wakristo maelezo hutofautiana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inasema michezo ya kubahatisha haipingani na haki kwa yenyewe, ila haikubaliki pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine. Mimi ni Mmoravian, na katika kanisa letu wazee wengi hawataki hata kusikia karata zikitajwa. Hata hivyo maneno hayo ya Katekisimu nimeyarudia mara nyingi kichwani, kwa sababu yanauliza juu ya mahitaji ya watu wote walio mezani, yangu na ya yule wa mbolea.

Nimepoteza fedha za kikundi. Nikope nizirudishe kabla ya zamu?

Hapana. Nalijibu kwa mkato kwa sababu anayeniandikia swali hili huwa ana saa chache.

Fedha ya mchezo, nina maana ule upatu wa akina mama wa Mwanjelwa na vikoba vyetu, ni ya mtu mwingine ambaye ameshaipangia kazi. Ukikopa mkopo wa kausha damu ili ucheze urudishe, unakuwa na deni la pili lenye riba inayokimbia, na unaingia mezani ukiwa na hofu, na mwenye hofu hutupa karata nzuri na kufuata mbaya. Nenda kwa mwenyekiti au mweka hazina leo, kabla ya siku ya kukutana, ueleze kiasi kamili na upendekeze namna ya kulipa kidogo kidogo. Utaona aibu. Vikundi vingi huweza kupanga upya zamu kama vimeambiwa mapema, na vingi huvunjika vinapogundua siku yenyewe.

Kucheza kwa chipu za bure kuna madhara?

Chipu ni vihesabio vinavyowekwa mezani badala ya fedha. Kwa mtu mzima sioni madhara, na hesabu zake ni nzuri kwa akili. Ila programu nyingi za bure huanza baada ya muda kukuuzia chipu. Hapo umeshaanza kulipa, na hakuna hata unachoweza kushinda.

Mdogo wangu anacheza na hataki kusikia. Nianzie wapi?

Usianze kwa mahubiri, kwa sababu ameshayasikia, na ana majibu yake tayari kuhusu akili na bahati. Usimlipie deni kwa kumpa fedha mkononi. Kama ni lazima kulipa, mlipe anayedai moja kwa moja. Muombe ajiwekee kikomo cha kuweka fedha, au ajifungie akaunti kwa miezi sita, huduma ambazo kampuni zenye leseni zinazo kwenye mipangilio ya akaunti, na mfanye hivyo mkiwa pamoja ili asibaki na la kuahirisha.

Kisha mwombe achukue taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi mitatu. Kaeni mezani mchana, si usiku, mkiwa na kalamu mbili za rangi tofauti. Fedha iliyokwenda kwenye programu iwekewe alama nyekundu, iliyorudi iwekewe bluu. Usiseme neno wakati anafanya kazi hiyo, hata akiruka mstari. Ataurudia mwenyewe. Mdogo wangu alipofika ukurasa wa tatu aliomba kikokotoo, akajumlisha mara mbili, kisha akaniuliza kama naweza kumwachia zile karatasi akae nazo hadi jioni.